Barua za wapenda ndege: dira ya babu, rejeta ya Ford na ndege iliyosema Kikuyu

Barua za mwezi huu ni nyingi, nami nimechagua zile zinazonihitaji nijibu kwa kirefu. Kwa wasomaji wapya: mimi si rubani wala sikuwahi kuwa askari. Nilikuwa mchoraji ramani kwa miaka 31, na mapenzi yangu kwa ndege za zamani za jeshi la Uingereza yalianzia mezani kazini, kwa sababu nitakayoieleza kwenye barua ya mwisho. Kanuni yangu haijabadilika: tuanze na namba iliyogongwa kwenye chuma, kisha tarehe, kisha hadithi. Hadithi siidharau. Ila ikipata namba ya kuegemea, hata anayebisha hunyamaza.

Shikamoo mzee. Babu yangu alifanya kazi ya usafi kwenye kiwanja cha ndege cha Eastleigh, Nairobi, miaka ya 1950. Ametuachia dira nzito nyeusi, upana wake kama wa sahani ya chai. Ndani ina maji, na ubavuni ina alama ya taji, herufi AM na 6A/726. Nataka kuifungua niisafishe, kisha niiuze. Ni ya ndege gani? (Msomaji, Machakos)

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, weka bisibisi chini. Usiifungue.

Kitu ulicho nacho ni dira ya P8. AM ni Air Ministry, wizara ya Uingereza iliyosimamia mambo ya anga mpaka ilipounganishwa na wizara ya ulinzi mwaka 1964. Tarakimu na herufi zilizo mbele ya mkwaju, yaani alama hii /, ndizo funguo, na kila mpenda ndege anapaswa kuzijua kwa moyo: 6A ni vipimo na dira, 5C ni vifaa vya umeme, 14A ni kamera, 22C ni mavazi ya marubani. Kwa hiyo mtu akikuuzia "kofia ya rubani" iliyogongwa 5C, muulize vizuri.

Ni ya ndege gani? Namba hiyo peke yake haisemi. P8 ilifungwa kwenye ndege za kivita za Spitfire, za Hurricane na kwenye aina nyingine kadhaa. Katika Spitfire inakaa chini ya ubao wa vipimo, katikati ya magoti ya rubani. Iangalie kwa juu bila kuigusa sana: utaona pete inayozunguka, na juu ya kioo nyaya nyembamba zilizo sambamba. Rubani huzungusha pete mpaka kwenye nyuzi za mwelekeo anaotaka kwenda, huifunga kwa kitasa, kisha kazi yake inabaki moja, kuigeuza ndege mpaka sindano ilale sambamba na nyaya zile. Hana haja ya kusoma tarakimu huku anatikiswa. Nimeishika dira ya namna hii mara moja tu maishani na sikutaka kuirudisha. Wenye akili waliomfikiria mtu aliyechoka ndio walioibuni.

Sasa hatari yake. Yale "maji" ni spiriti, na rangi iliyopakwa kwenye sindano na alama ili zing'ae usiku ina radiamu, madini yenye mionzi. Utaniambia mbona haing'ai tena. Kilichokufa ni ule unga unaotoa mwanga. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu, kwa hiyo iliyomo leo ni karibu ile ile aliyoikuta babu yako. Kioo kikiwa kizima, hatari ni ndogo. Ukifungua, rangi iliyokauka inamomonyoka kuwa vumbi, na vumbi hilo likivutwa au kumezwa huingia mwilini na kukaa kwenye mifupa. Basi iweke kwenye mfuko mzito wa plastiki, usiiweke chumba cha kulala, watoto wasiichezee, na unawe mikono kila ukiigusa. Ukiona kioo kimepasuka au maji yanavuja, usiiguse tena. Usiitume kwa posta. Zungumza na mamlaka ya nyuklia ya Kenya kabla ya kuiuza au kuitoa.

Na fanya hivi leo hii: andika jina la babu yako, mwaka alioanza kazi Eastleigh na alikaa katika jengo gani. Dira za P8 zimebaki nyingi duniani. Kumbukumbu za mfagiaji Mkamba wa Eastleigh sijawahi kuziona zimeandikwa popote.

Mzee, wazee wa huku delta ya Rufiji husimulia kwamba manowari ya Mjerumani ilizamishwa na ndege. Mwalimu wetu anasema haiwezekani, mwaka 1915 hakukuwa na ndege huku kwetu. Nani mkweli? (Mwanafunzi, Utete)

Mwambie mwalimu wako kwa heshima kwamba ndege zilikuwepo, na waambie wazee kwa heshima ile ile kwamba hazikuizamisha. Ila bila ndege, meli ile isingezama siku ile.

Manowari hiyo ya Mjerumani, Königsberg, iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 na kuizamisha, kisha ikajificha kwenye mikono ya Rufiji. Waingereza waligundua mwisho wa Oktoba kwamba imo humo. Lakini manowari zao kubwa hazikuweza kuingia kwa sababu kina ni kifupi, na kutoka baharini hawakuona kitu ila mikoko. Ndipo wakamtafuta mtu mwenye ndege.

Huyo alikuwa H. Denis Cutler, raia aliyekuwa akirusha ndege Afrika Kusini. Walimpa cheo katika kikosi cha anga cha jeshi la majini, wakampakia melini Durban pamoja na ndege yake ya Curtiss, aina ambayo mwili wake ni mtumbwi na hutua majini, wakamleta kisiwa cha Niororo karibu na Mafia. Safari ya kwanza alipotea, akatua kisiwani. Kisha rejeta ikaharibika. Huku kwetu rejeta ya ndege ingetoka wapi mwaka 1914? Manowari ikatumwa Mombasa, ikarudi na rejeta ya gari la Ford, nayo ikafungwa kwenye ndege. Kwa rejeta ya gari, Cutler aliruka akaiona Königsberg kwa macho yake. Kila nikiona fundi wa gereji anayekopa kifaa cha gari hili kukiweka kwenye lile ili safari iendelee, namkumbuka Cutler. Tarehe 10 Desemba injini yake ilizima juu ya delta, akatua mtoni akatekwa. Ndege yenyewe Waingereza waliingia mtoni wakaivuta wakaiokoa, yeye akabaki mateka mpaka 1917.

Mwaka 1915 akaja rubani John Cull na ndege mbili za Sopwith. Hizo zilishindwa na hali ya hewa. Hewa ya joto ni nyepesi, bawa halipati cha kuegemea, injini nayo inapoteza nguvu, na gundi iliyoshika mbao inaanza kuachia. Zikaletwa Short, ndege zenye mabawa ya kukunjwa, na mwezi wa Aprili Cull alifanikiwa kuileta picha ya kwanza nzuri ya meli ile chini ya miti. Hatimaye Juni zikafika Mafia ndege za magurudumu, Henri Farman mbili na Caudron mbili.

Walioingia mtoni ni meli mbili ndogo, Severn na Mersey. Zilijengwa kwa ajili ya Brazil, zifanye kazi mitoni, ndiyo maana chini ni bapa, nazo zilivutwa kwa kamba kutoka Malta mpaka Rufiji. Zilikuwa na mizinga ya inchi 6, lakini wapiga mizinga hawakuona wanachokipiga. Kati yao na Königsberg kulikuwa na kilomita kadhaa za mikoko. Macho yao yalikuwa angani. Ndege inazunguka juu ya meli ya adui, mtazamaji anaona kombora limeangukia wapi, anapeleka habari kwa simu ya upepo kwa alama za Morse: mbali mno, karibu mno, kushoto. Mpigaji anarekebisha, anapiga tena.

Tarehe 6 Julai walijaribu siku nzima, wakarudi bila kuimaliza, na Mersey ikiwa imepigwa. Tarehe 11 Julai wakarudi tena. Cull alikuwa rubani, na mtazamaji alikuwa Harwood Arnold, kijana kutoka Kanada. Makombora yalipoanza kuipata Königsberg, ndege yao nayo ikapigwa, injini ikafa. Hapa nataka usome polepole. Cull anaelea na ndege isiyo na injini akitafuta mto, na Arnold, badala ya kushika kiti chake, anaendelea kubonyeza Morse. Anawaambia wamepigwa, walete mashua. Na huku wanashuka bado anatuma marekebisho ya mizinga, yale marekebisho yaliyoyaleta makombora kwenye shabaha. Ndege iligonga maji ikapinduka karibu na Mersey. Arnold alirushwa nje, Cull akabanwa chini ya maji kwa muda na mkanda wake, wote wakaokolewa wakiwa hai. Arnold hakuuona mwisho wa vita. Alifariki 1918.

Königsberg ilipokwisha kuwaka, kapteni wake Max Looff aliamuru mabaharia wake wailipue wenyewe kwa kichwa cha torpedo. Kwa hiyo ukiulizwa nani aliizamisha, jibu la haki ni kwamba mizinga ya Severn na Mersey iliivunja, ndege ya Mafia iliielekeza mizinga, na Wajerumani wenyewe wakamalizia. Mizinga yake 10 ilitolewa majini ikapiganishwa nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus, meli iliyouawa na meli ile. Siku ukifika Mombasa, upapase.

Je, ni kweli kulikuwa na ndege ya vita ikiitwa Zanzibar? (Msomaji, Ng'ambo)

Kweli. Katika vita vya kwanza, watu wa makoloni walichangishwa fedha za ndege, na ndege ikaandikwa jina la waliochanga. Ndege ya F.E.2b namba 6341, ya kikosi namba 25 huko Ufaransa, iliandikwa Zanzibar No. 1. Ilikuwa na injini nyuma ya rubani na mtazamaji mbele kabisa kama mtu aliyekaa kwenye omo la ngalawa. Ilianguka mikononi mwa Wajerumani mwaka 1916, nao wakaipiga picha. Angalizo kwa wakusanyaji: ndege yenye jina ikipotea, jina lilihamishiwa ndege nyingine, hivyo ukiona picha ya Zanzibar No. 1, soma namba ya mkiani kwanza ndipo uape. Vita vya pili mtindo uliendelea, na bei ya jina kwenye Spitfire iliwekwa pauni 5,000.

Baba mkubwa anasema Januari 1964, wanajeshi walipoasi Dar es Salaam, aliona helikopta yenye pangaboi mbili juu, moja mbele moja nyuma. Picha zote tunazoziona zina helikopta ya pangaboi moja. Je, mzee amechanganya? (Msomaji, Kunduchi)

Hajachanganya, mpe mkono wa heshima. Asubuhi ya tarehe 25 Januari 1964 wanamaji wa Kiingereza wa kikosi cha 45 walishushwa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, kutoka meli ya Centaur, kwa helikopta za Wessex. Hizo ndizo za pangaboi moja. Lakini Centaur ilikuwa imetokea Aden, na ilibeba pia helikopta za Belvedere za kikosi namba 26 cha jeshi la anga la Uingereza. Belvedere ni ndefu, imeinuka mbele kama panzi anayetaka kuruka, na ina pangaboi mbili kama alivyosema.

Nami namba hiyo 26 inanigusa. Kikosi hicho kiliundwa 1915 kwa watu wa Afrika Kusini, na nembo yake ni kichwa cha swala wa kwao, na maneno ya Kiafrikana yenye maana ya mlinzi angani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa hapa hapa kwetu: kilishuka Mombasa mwisho wa Januari 1916, kikaruka na ndege za BE2c na Henri Farman kutoka Mbuyuni, karibu na Taveta, kikifuatana na majeshi kuingia Tanganyika. Miaka 48 baadaye, katika mwezi ule ule wa Januari, namba ile ile ikaja tena kwenye pwani yetu. Muulize baba mkubwa alikuwa amesimama wapi na saa ngapi, uandike.

Guka, nyanya yangu husema wakati wa vita vya msitu, vya Mau Mau, kulikuwa na ndege ndogo iliyolia kama kitambaa kinachopasuliwa, na nyingine iliyosema Kikuyu. Watoto wetu wanacheka wakisikia ndege ilisema. (Msomaji, Nyeri)

Wasicheke. Nyanya yako ametambua ndege mbili kwa sikio, jambo ambalo wapenzi wengi wa ndege wenye vitabu rafuni hawaliwezi.

Ile ya kitambaa ni Harvard. Ni ndege ya mafunzo yenye injini moja, na ncha za pangaboi lake huzunguka kwa kasi inayokaribia ya sauti. Ndizo zinazoupasua upepo namna ile. Kikosi chake kidogo, kilichoitwa 1340, kiliundwa 1953 na kiliruka kutoka Thika na baadaye Mweiga, yaani mlangoni kwenu. Kilitupa mabomu madogo ya ratili 20. Kuanzia Novemba 1953 zikaja Lincoln kubwa za injini nne kutoka Eastleigh, na mabomu ya ratili 500 na 1,000 juu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Muulize kama anakumbuka mvumo mzito wa chini uliotangulia mtetemo wa ardhi. Hiyo ndiyo Lincoln.

Iliyosema ilikuwa Auster au Pembroke, iliyofungwa vipaza sauti. Iliruka polepole juu ya msitu, ikiwaambia wapiganaji kwa Kikuyu watoke wajisalimishe.

Nataka kusema jambo hapa kwa sababu wengine huniandikia kwamba safu hii inasifu mabeberu. Naipenda injini ya Merlin na sitaificha. Merlin nne ndizo zilizoibeba Lincoln juu ya msitu wenu, na chini yake walikuwa watu, wanyama, na akina mama waliopeleka chakula usiku. Kulijua jina la ndege hakumtoi lawamani aliyeituma. Na mabomu yale hayakufanya kilichosemwa yatafanya, maana bomu linalolipuka kwenye mianzi mizito huua mianzi. Lincoln ziliondoka 1955. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na askari waliotembea kwa miguu.

Mrekodi nyanya kwa simu yako. Mwache aige sauti zote mbili kwa mdomo wake.

Mzee wetu, tuko Leicester na mwanangu wa miaka 9 amepagawa na Lancaster. Wapi nimpeleke, na je, ndege hiyo ina lolote linalotuhusu sisi Waswahili? (Mama Salma)

Mama Salma, umenigusa pale pale.

Lancaster ni ndege ya mabomu ya Waingereza ya vita vya pili, na zilijengwa 7,377. Zinazoruka bado ni mbili, moja iko Hamilton, Kanada, na nyingine, namba PA474, iko kambi ya Coningsby, Lincolnshire, ambako wageni hupokewa. Jumba la makumbusho la jeshi la anga Hendon, London, lina R5868, iliyokwenda vitani mara 137, na kiingilio ni bure. Anza na Hendon kwa sababu mtoto anaweza kusimama chini ya tumbo lake akajua ukubwa, maana mabawa yake ni mita 31 kutoka ncha hadi ncha. Kisha mpeleke Coningsby.

Mpeleke Coningsby kwa sababu PA474 ni yetu kwa namna moja. Ilitoka kiwandani katikati ya 1945 ikachelewa vita. Haikupata kutupa bomu hata moja vitani. Iliondolewa bunduki, ikapewa kamera, ikatumwa na kikosi namba 82 kuja Afrika kupiga picha za kutengenezea ramani. Lancaster za kikosi hicho ziliweka kituo Eastleigh na kupiga picha Afrika Mashariki mpaka 1952. Ziliruka mistari iliyonyooka, kwenda na kurudi, kama mtu anayelima kwa jembe la ng'ombe, kila picha ikiingiliana na iliyotangulia kwa zaidi ya nusu.

Picha hizo ndizo nilizozikuta mezani kwangu mwaka 1974, nikiwa kijana wa miaka 21, siku ya pili kazini. Pembeni mwa kila picha kulikuwa na tarakimu za kikosi, na herufi RAF, za jeshi la anga la Uingereza. Sikujua maana yake. Bwana mkubwa wetu aliweka picha mbili chini ya stirioskopu, darubini ya macho mawili yenye miguu kama ya meza ndogo, akaniambia nitazame bila kupepesa. Mwanzoni niliona picha mbili bapa za kijivu. Kisha zikateleza zikashikana, na ardhi ikanyanyuka kunijia usoni. Minazi ilisimama. Bonde likazama. Nikaliona paa la makuti kwenye kilima, njia nyembamba ya kwenda kisimani, na mwembe ambao nilikuwa nimeukwea utotoni mpaka nikavunjika mkono. Picha ilikuwa imepigwa kabla sijazaliwa, na mwembe ulikuwa mdogo, kivuli chake hakijafika uani.

Niliuliza hii imepigwa na nani. Akaniambia, na ndege ya mabomu. Toka siku hiyo nimekuwa nikiisoma ile namba ya pembeni kwanza.